Vyuo Vidogo vya Marekani na Masharti ya Vyama vya Michezo

Tarehe 10 Septemba 1972, katika uwanja wa Olimpiki wa Munich, vijana wanne wa Kenya, Charles Asati, Munyoro Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang, walipokezana kijiti mita 400 kila mmoja, wakaipatia nchi yao, ambayo uhuru wake ulikuwa haujatimiza hata miaka tisa, medali ya dhahabu. Jambo ambalo aghalabu husahauliwa katika kusimulia sifa za siku ile ni kwamba wawili miongoni mwao, Ouko na Sang, walikuwa wanafunzi wa chuo kidogo mjini Durham, jimbo la North Carolina, chuo kilichoasisiwa mwaka 1910 kwa ajili ya watu weusi, zama ambazo sheria za jimbo hilo ziliharimisha mtoto mweusi kukaa darasa moja na mtoto mweupe. Mwalimu wa riadha wa chuo hicho, Leroy Walker, alikuwa akifundisha hapo tangu mwaka 1945, na katika uzee wake alikuja kuwa rais wa Kamati ya Olimpiki ya Marekani.

Chuo kama kile, kisicho na mali nyingi wala uwanja wa kutajwa, kilipata wapi jukwaa la taifa la kuwaonyesha wanariadha wake? Huko Marekani chuo hakiwi mshindani kwa kuwa na wachezaji hodari tu. Sharti kiwe ndani ya chama, maana chama ndicho kinachopanga mashindano ya taifa, kinachotunga kanuni, kinachoamua nani ni mwanafunzi wa kweli na nani ni mchezaji wa kukodiwa, na kinachoandika majina ya mabingwa katika daftari linaloaminiwa na wote. Na chama hakimpokei mgeni ila kwanza ametimiza masharti. Masharti hayo yamegeuka mara nyingi tangu mwanzo wa karne ya 20, mengine yakiwa ya insafu na mengine ya dhuluma, nami katika makala haya nitayapitia nikiliuliza kila sharti swali moja: lilikuwa likimlinda nani?

Mwanzoni hapakuwa na sharti lolote. Harvard na Yale ziliposhindana kwa makasia katika ziwa la Winnipesaukee, jimbo la New Hampshire, mwaka 1852, hapakuwa na chama cha kuwasimamia, na gharama za safari zilibebwa na kampuni ya reli iliyotaka kupata abiria. Kwa hiyo wanaodai kwamba fedha iliingia katika michezo ya vyuo juzi tu hawaijui asili ya mambo. Kufikia mwisho wa karne ya 19 kandanda ya Kimarekani, ile ya kubebana na kuangushana, ilikuwa imekuwa mchezo wa vita hasa. Wanaume wasioandikishwa katika darasa lolote walihama kutoka chuo hiki kwenda kile wakicheza kwa ujira, na mwaka 1905 magazeti yalihesabu vifo 18 vya wachezaji katika nchi nzima. Rais Theodore Roosevelt aliwaita wakuu wa michezo wa Harvard, Yale na Princeton katika Ikulu yake mwezi Oktoba mwaka huo, akawanasihi waondoe ukatili; lakini mchezaji wa Union College alipofariki mwezi uliofuata kwa jeraha alilolipata akicheza na Chuo Kikuu cha New York, mkuu wa chuo hiki cha pili, Henry MacCracken, hakungoja vyuo vikubwa. Aliviita vyuo vingine kwa barua, na tarehe 28 Desemba wajumbe wa vyuo 62 wakakutana mjini New York na kuunda chama, ambacho mwaka 1910 kilichukua jina linalojulikana duniani kote, NCAA.

Sharti la kwanza la chama hicho, basi, lilitokana na maiti. Lilisema kwamba anayecheza awe mwanafunzi, na kwamba chuo kiwe tayari kulisimamia hilo chenyewe katika nyumba yake. Sina la kulilaumu sharti hilo. Lilimlinda kijana asiuawe na lilimlinda mwanafunzi asiporwe nafasi yake na mtu wa kukodiwa. Udhaifu ulikuwa mahali pengine: kadiri chama kilivyokua, meza yake ilizoea kuzungukwa na vyuo vyenye viwanja vikubwa na watazamaji wengi, na vyuo vidogo vya dini na vya walimu, vilivyotapakaa katika miji ya nafaka ya Kansas, Missouri, Indiana na Oklahoma, vikabaki na mashindano ya jirani kwa jirani, bila njia yoyote ya kufika mbele ya taifa.

Aliyefungua njia hiyo alikuwa mwalimu wa Baker University, chuo kidogo cha Baldwin City, Kansas, jina lake Emil Liston. Mji wa Kansas City ulikuwa umepoteza mashindano ya taifa ya mpira wa kikapu ya vilabu, yaliyohamia Denver katikati ya miaka ya 1930, ilhali ulikuwa na ukumbi mpya mkubwa wa manispaa uliohitaji watu. Liston, pamoja na Frank Cramer na mzee James Naismith, yule aliyeubuni mpira wa kikapu katika mji wa Springfield mwezi Desemba 1891 na ambaye sasa alikuwa akiishi Lawrence, mwendo mfupi tu kutoka hapo, waliwashawishi wafanyabiashara wa mji kwamba vyuo vidogo vingeweza kuujaza ukumbi ule. Mwaka 1937 zilikuja timu nane, na chuo cha walimu cha Central Missouri kikatwaa ubingwa. Mwaka uliofuata zilikuja timu 32, zikacheza kwa muda wa wiki moja hadi kubaki moja. Yafaa ikumbukwe kwamba mashindano ya NCAA ya mchezo huo yalikuwa bado hayajazaliwa. Yalianza mwaka 1939 kwa timu nane. Wadogo walitangulia, na wakubwa wakafuata.

Mwaka 1940 mashindano hayo yalipata chama chake rasmi cha mpira wa kikapu, na mwaka 1952, kilipoanza kusimamia michezo mingine pia, kikabadili jina kuwa NAIA. Naismith hakuwahi kukiona chama hicho, kwa kuwa alifariki mwaka 1939. Nchi iligawanywa katika kanda 32, kila kanda ikipeleka bingwa wake Kansas City, na kwa mpango huu chuo cha wanafunzi mia chache kilikuwa na njia iliyonyooka kutoka uwanja wake wa mbao hadi ukumbi wa taifa, bila kupita kwa hisani ya mtu. Naona huo ndio uvumbuzi mkubwa wa Liston: kwamba nafasi ipatikane kwa kushinda, si kwa kualikwa kwa sababu ya jina.

Lakini nyumba hii iliyojengwa na wanyonge ilikuwa na sharti moja la aibu, nalo ni kwamba mchezaji mweusi hakuruhusiwa kuingia uwanjani. Mwaka 1947 chuo cha walimu cha Indiana State, kilichofundishwa na John Wooden, kilialikwa kikakataa mwaliko, kwa sababu katika timu yake alikuwamo kijana mweusi, Clarence Walker, na mwalimu hakutaka kumwacha nyuma. Mwaka 1948 mwaliko ulikuja tena na sharti lilelile. Safari hii chuo cha Manhattan cha New York, ambacho hakikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja, kilitangaza kwamba hakitashiriki mpaka marufuku hiyo iondolewe, na kwa kuwa bingwa wa Kansas City alikuwa na nafasi ya kuingia katika mchujo wa timu ya Olimpiki ya mwaka huo, jambo halikuweza tena kufichwa. Chama kiliifuta marufuku. Walker akacheza, akawa mtu mweusi wa kwanza katika mashindano yale, na timu yake ikafika fainali ambako ilishindwa na Louisville. Lakini wenzake walipolala hotelini yeye hakulala pamoja nao, kwa sababu kanuni za chama zilikuwa zimebadilika na desturi za mji zilikuwa bado. Katika habari yote hii kitendo cha Manhattan ndicho kinachonigusa zaidi. Chuo hicho hakikuwa na mtu wa kumtetea ila haki yenyewe.

Hapa hapana budi nimtaje mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa ni kupambana na masharti, naye ni John McLendon. Alipoingia Chuo Kikuu cha Kansas katika miaka ya 1930 kusomea ualimu wa michezo, Naismith alikuwa mshauri wake, akamfundisha mchezo kwa mapenzi. Lakini timu ya chuo ilikuwa ya weupe peke yao, na mwanafunzi wa yule aliyeubuni mpira wa kikapu hakuruhusiwa kuucheza kwa jina la chuo chake. Kuhitimu kulikuwa na sharti la kuogelea, na bwawa nalo lilikuwa la weupe. McLendon alikataa kupewa alama za bure ili akae mbali na maji, akaingia akaogelea, na alipotoka bwawa likamwagwa maji yote. Alihitimu mwaka 1936, na baadaye akawa mwalimu wa timu ya chuo kilekile cha Durham ambako Ouko na Sang walikuja kusoma miaka mingi baadaye.

Huko Durham, Jumapili ya tarehe 12 Machi 1944, lilitendeka jambo ambalo sheria ya jimbo ilikataza. Asubuhi hiyo, wakati wenyeji wa mji, na polisi wao pia, walipokuwa makanisani, timu ya wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Duke, weupe wote, iliendeshwa kwa gari kwa njia za kuzunguka hadi katika ukumbi wa michezo wa chuo cha weusi. Milango ikafungwa kwa ufunguo. Hapakuwa na watazamaji walioalikwa, na wageni, ambao walikuwa na wachezaji waliopata sifa katika vyuo vikubwa kabla ya kuja Duke, walishindwa kwa 88 kwa 44. Kisha wakafanya la kushangaza zaidi: wakachanganyika, nusu weusi na nusu weupe kila upande, wakacheza tena. Mechi ile haikuandikwa katika daftari la chama chochote na ilikaa siri kwa miongo kadhaa. Vyuo vya weusi vilikuwa na chama chao tangu mwaka 1912, kilichoundwa na Hampton, Howard, Lincoln, Shaw na Virginia Union, na mashindano yao yalikuwa makali na ya kupendeza. Lakini bingwa wao hakuwa na mlango wa kutokea kwenda kushindana na bingwa mwingine.

McLendon na wenzake waliuandikia uongozi wa chama cha Kansas City barua baada ya barua, na mwaka 1953 NAIA ikawa chama cha kwanza cha taifa kuvipokea vyuo vya weusi kuwa wanachama. Nisifiche kasoro yake. Vyuo hivyo havikuingizwa katika kanda za majirani zao bali viliwekwa pamoja katika kanda ya 29, hata kama kimoja kiko Tennessee na kingine maili mia kadhaa kutoka hapo, ili wachuane wao kwa wao na atoke mmoja tu. Huo ulikuwa ubaguzi uliovikwa joho la kanuni. Hata hivyo mmoja alitoka, na mmoja alitosha. McLendon alipohamia Tennessee A&I ya Nashville mwaka 1954, alitoa naye sharti lake alipoalikwa Kansas City: wachezaji wake walale katika hoteli ya katikati ya mji na kula humo kama timu nyingine yoyote. Wakakubali. Mwaka 1957 timu yake ikawa ya kwanza kutoka chuo cha weusi kutwaa ubingwa wa taifa wa mpira wa kikapu uliokuwa wazi kwa rangi zote, ikautwaa tena mwaka 1958, na tena mwaka 1959, na hapana mwalimu wa chuo aliyewahi kabla yake kufanya hivyo mara tatu mfululizo. Ukumbi wa heshima wa mchezo huo, unaobeba jina la Naismith, ulimwingiza McLendon mwaka 1979. Na mwaka 2016, alipokuwa amekwisha fariki, ukamwingiza tena, safari hii kwa sifa ya ualimu.

Ni kwa mlango huo uliobomolewa na mtu wa Durham kwamba wanariadha wa Durham wa miaka ya 1970 walipata kushindana mbele ya taifa. Wala hawakuwa peke yao. Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 kule Munich, alisoma Eastern New Mexico, katika mji mdogo wa Portales, chuo kilichokuwa mwanachama wa NAIA. Na kwa miaka mingi majina ya Wakenya yalisikika katika mashindano ya vyuo vidogo ambavyo mtu wa Nairobi asingeweza kuvionyesha katika ramani. Suleiman Nyambui wa Tanzania, mshindi wa fedha ya mita 5,000 mjini Moscow mwaka 1980, yeye alipita njia ya vyuo vikubwa, huko El Paso, Texas.

Ushindani wa NAIA uliilazimisha NCAA nayo ivitazame vyuo vidogo. Katika miaka ya 1950 ilianzisha mashindano ya pembeni kwa ajili yao, na mwaka 1967 Winston-Salem State, chini ya mwalimu Clarence Gaines, ikawa chuo cha kwanza cha weusi kutwaa ubingwa wa mpira wa kikapu wa NCAA. Mwezi Agosti 1973 wajumbe walikubaliana kukigawa chama katika madaraja matatu, na Daraja la Tatu likawekewa sharti ambalo mpaka leo ndilo linalolitambulisha: chuo kisimpe mwanafunzi senti moja ya ufadhili kwa sababu ya uhodari wake wa mchezo. Anaweza kupewa msaada kwa sababu ya ufukara wa wazazi wake au kwa alama zake za darasani, kama mwanafunzi mwingine yeyote, lakini si kwa mguu wala mkono wake. Daraja hilo leo lina vyuo zaidi ya 400, na ndilo kubwa kuliko yote, ijapokuwa televisheni hailijui.

Tuseme sasa kwamba chuo cha wanafunzi 800 kinaomba kuingia humo. Kwanza kiwe na ithibati ya elimu inayotambuliwa, yaani vyombo vinavyokagua vyuo viwe vimekipitisha. Pili kiwe na michezo mitano ya wanaume na mitano ya wanawake, na kama wanafunzi wake wanazidi 1,000 basi sita kwa sita. Kila mchezo uwe na idadi ya chini ya mechi na ya wachezaji, na katika mbio za nyika idadi hiyo ni watano, kwa kuwa alama za timu huhesabiwa kwa watano wa kwanza kufika. Chuo chenye wakimbiaji watano kamili, mmoja akiamka na homa siku ya mashindano, timu nzima haina hesabu. Tatu, ombi likikubaliwa, chuo hakiwi mwanachama kamili siku hiyo. Kwa muda mrefu njia ilikuwa ni mwaka mmoja wa kujitathmini na minne ya majaribio, baadaye ikafupishwa, na katika muda huo maofisa wake huhudhuria mikutano na mafunzo, huandika taarifa kila mwaka, na timu zake, hata zishinde namna gani, hukaa kipindi kirefu bila ruhusa ya kucheza ubingwa wa taifa. Katika ile njia ndefu, kijana aliyeingia mwaka wa kwanza wa majaribio aliweza kumaliza shahada yake bila kuonja mashindano hayo.

Wako wanaoona kungoja huko ni uonevu. Mimi sioni hivyo. Chuo kinachoshindwa kuweka kumbukumbu za wanafunzi wake kwa miaka mitatu au minne kitashindwa pia kumlinda mchezaji aliyevunjika goti, na ni afadhali udhaifu huo ujulikane mapema. Swali langu la kumlinda nani lina jibu zuri hapa. Sivyo ilivyo kwa sharti la ada linalovikabili vyuo vinavyotaka kupanda hadi ngazi ya juu kabisa ya kandanda ya Kimarekani, ambayo mwaka 2023 ilipandishwa kutoka dola 5,000 hadi dola milioni 5. Sharti la namna hiyo halimwulizi mwombaji habari ya wanafunzi wake; linamwuliza habari ya mfuko wake.

Kwamba kanuni za Daraja la Tatu si za mapambo, ushahidi ni habari ya Caltech, chuo cha sayansi cha Pasadena, California, chenye wanafunzi wachache na washindi wengi wa Tuzo ya Nobel. Timu yake ya mpira wa kikapu ya wanaume ilipoteza mechi 310 za ligi mfululizo, tangu mwaka 1985 hadi tarehe 22 Februari 2011, ilipoishinda Occidental kwa 46 kwa 45, na watazamaji wakaujaza uwanja kwa furaha. Hapana aliyewahi kufikiri kukiondoa chamani kwa kushindwa, kwa sababu uanachama haukuwa juu ya ushindi. Lakini mwaka 2012 chuo hichohicho kiliadhibiwa. Kosa lake lilikuwa hili: Caltech ina desturi ya kuwaacha wanafunzi wazunguke madarasa majuma matatu ya kwanza ya muhula, wayaonje masomo kabla ya kujiandikisha, na katika siku hizo baadhi yao walikuwa wakicheza ilhali kwa maandishi walikuwa hawajawa wanafunzi wa muda wote. Wachezaji 30 wa michezo 12 walikutwa hawakustahili kucheza. Chuo kilijishtaki chenyewe, kikatozwa dola 5,000, kikafutiwa ushindi wake mchache wa miaka hiyo, kikawekwa chini ya uangalizi kwa miaka mitatu na kikakatazwa mashindano ya mwisho wa msimu kwa mwaka mmoja. Nakiri kwamba adhabu ilikuwa nzito kwa chuo ambacho hakuna awezaye kukituhumu kwa kutojali masomo. Ila naiheshimu zaidi Caltech iliyojipeleka mbele ya hakimu kuliko vyuo vyenye vikombe ambavyo hungoja mpaka mwandishi wa gazeti avifichue.

Wanawake nao walikuwa na safari yao, na inastahili makala yake. Kwa kifupi, vyama vya wanaume viliwafungia nje kwa muda mrefu hata wakaunda chao mwaka 1971, AIAW, kilichodumu hadi miaka ya mwanzo ya 1980; na NAIA, kwa mara nyingine, ilitangulia mwaka 1980 kuweka mashindano ya ubingwa ya wanaume na ya wanawake chini ya paa moja. Leo chuo chenye wanafunzi wa kike na wa kiume hakiwezi kuomba uanachama wa NCAA kikiwa na timu za wanaume tu. Mlango ulifungwa vivyo hivyo kwa vyuo vya miaka miwili: vile vya California viliiomba NCAA viruhusiwe kushiriki mashindano yake ya riadha, vikakataliwa, vikaunda chama chao mwaka 1938 mjini Fresno, ambacho ni NJCAA. Na ni katika chuo cha namna hiyo, South Plains cha Levelland, Texas, kwamba Sally Kipyego wa Kenya alianza safari iliyomfikisha kwenye medali ya fedha ya mita 10,000 mjini London mwaka 2012. Mwaka huohuo Simon Fraser, chuo cha Kanada kilicholelewa na NAIA kwa miaka mingi, kikawa cha kwanza nje ya Marekani kuwa mwanachama kamili wa NCAA.

Kuhama huko kutoka NAIA kwenda NCAA kumekuwa kwingi, na NAIA, yenye vyuo takriban 250 hivi leo, imepungua. Vyuo huvutwa na jina kubwa, na mara nyingine na haja ya kupata wanafunzi: katika vyuo vidogo vingi vya Marekani mchezo ndio unaowaleta vijana walipao karo, na vipo ambavyo theluthi nzima ya wanafunzi wake wamo katika timu fulani. Mbio za nyika hupendwa na vyuo hivyo kwa kuwa hazihitaji uwanja wala majukwaa, na hiyo ndiyo sababu moja kubwa ya barua zao kufika Iten, Eldoret na Arusha. Sioni ubaya katika barua hizo. Zimewasomesha watoto wetu wengi.

Ila mzazi anayeletewa barua ya namna hiyo asitie sahihi kabla ya kuuliza. Aulize chuo kimo katika chama gani na daraja gani, na kama ni mwanachama kamili au bado kimo katika majaribio. Akiambiwa ni Daraja la Tatu, ajue kwamba ahadi yoyote ya ufadhili kwa sababu ya mbio ni kinyume cha kanuni, na kwamba msaada halali utatokana na alama au na hali ya nyumbani. Aulize msaada huo utakuwaje mtoto akiumia. Amwulize na mtoto mwenyewe amekaa muda gani akishindana tangu amalize sekondari, kwa sababu vyama huhesabu muda huo na huweza kumpunguzia misimu ya kucheza. Majibu yote yawe kwa maandishi. NCAA, NAIA na NJCAA hutangaza orodha za wanachama wao kwa kila mtu, na chuo ambacho jina lake halionekani katika orodha hata moja kitakiwe kueleza sababu kabla mtoto hajapanda ndege.